Kitabu cha Kioo na Mtihani wa Kitabu Wazi

"Dada, hiyo acha nje."

Nilidhani anasema mkoba. Nikauweka chini, ukutani, pamoja na mikoba ya wenzangu.

"Sio mkoba. Hiyo." Msimamizi wa mtihani akainyooshea kidole tableti yangu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake mjusi ukutani.

"Hiki ni kitabu changu cha Kodi," nikamwambia.

"Hicho ni kifaa cha umeme."

"Ndani yake kuna kitabu."

"Ndani yake kuna vitu vingi, dada. Ndiyo maana kinabaki nje."

Na mtihani wenyewe, ili mwelewe utamu wake, ulikuwa wa kitabu wazi. Yaani unaruhusiwa kuingia na kitabu chako, unakifungua mezani mchana kweupe, hakuna wa kukukamata, kwa sababu sheria za kodi hata waliozitunga hawazijui kwa kichwa. Swali linakuambia mtu fulani ana duka, ana nyumba ya kupangisha, ameingiza kontena la vitenge, mkokotolee kodi yake. Wewe unafunua, unatafuta kifungu, unatafuta jedwali, unapiga hesabu. Bila kitabu ni sawa na kuambiwa upike pilau kwa kukumbuka harufu.

Mbele yangu walikuwa wameshapita wenye vitabu vya karatasi. Mmoja kitabu chake hakina hata jalada, kimefungwa kwa kamba ya katani kama mzigo wa muhogo. Akapita. Akaambiwa na karibu.

"Kaka yangu," nikasema, bado na adabu zangu, "hii nimepewa na chuo hiki hiki. Kwa dirisha lenu, kwa muhuri wenu."

"Mimi nasimamia mtihani. Sisimamii dirisha."

"Sasa hicho kitabu wazi nikakifungue wapi? Kwenye kiganja?"

Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni, nao na tableti zao mikononi, wakacheka. Yeye naye akatabasamu, akaona amepata mzaha wa kujibu, akasema neno ambalo hadi leo naamini hakujua linabeba nini.

"Si ulichagua mwenyewe?"

Basi. Pale ndipo nilipomtolea uvivu. Sikuwahi kumpigia mtu kelele hadharani tangu nimeolewa, na nadhani zote nilikuwa nimeziweka akiba. "Nilichagua mwenyewe! Mlinipa nichague jiko bila mkaa au mkaa bila jiko, leo unaniuliza kwa nini chakula kibichi! Wewe ulisoma wapi, kaka, hadi ukajua kitabu kwa kukishika unene? Na wewe ulipimwa hivyo hivyo ukapewa kazi?" Na mengine, ambayo siyaandiki kwa sababu mwanangu atakuja kusoma. Chini ya ngazi wabeba mizigo walinyanyua vichwa. Mmoja akapaza sauti, "Mpe vidonge vyake, dada!" bila hata kujua ugomvi wa nini. Kariakoo ndivyo inavyokupenda.

Msimamizi akaangalia saa. Nikaibwaga tableti mezani kwake, nikaingia na kalamu na hasira.

Sasa niwaeleze huo uchaguzi wangu mtukufu.

Chuo chetu kilikuwa tawi la chuo kikuu cha binafsi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la jumla la mabeseni na ndoo, mtaa wa nyuma ya soko. Msicheke. Zama za soko huria kila ghorofa lenye ngazi lilikuwa chuo au kanisa, na sisi tuliokosa nafasi kule kwenye vyuo vya serikali tulishukuru. Wazazi wetu walichaguliwa kila kitu: chuo, kozi, hata kitanda cha kulala. Sisi tukaambiwa sasa mko huru, chagueni. Uzuri wa kuchagua mwenyewe ni kwamba ukiumia hakuna wa kulaumiwa. Biashara nzuri sana hiyo, sijui kwa nini zamani hawakuigundua.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha sita, binti wa mwaka na nusu, na chumba cha uani kwenye nyumba ya wakwe zangu, watu wa pwani ambao walikuwa Kariakoo tangu haijawa na ghorofa hata moja. Mume wangu alikuwa anaendesha bajaji, nyingi ya safari zake za Upanga, kupeleka watu hospitali. Jioni, saa za masomo yangu, hayupo. Mtoto jioni alikuwa wa mama mkwe, na mama mkwe alinipa masharti yake siku naleta barua ya kukubaliwa, akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho.

"Nakulelea mwaka huu mmoja. Ukifaulu tutazungumza. Ukifeli hata somo moja, ujue elimu imekukataa, ukae na mwanao."

"Sawa, mama."

"Sio sawa ya mdomoni."

"Sawa ya moyoni, mama."

Kwa hiyo mimi sikuwa nagombania maksi. Nilikuwa nagombania mtu wa kumshika mtoto. Na Kodi lilikuwa somo la lazima. Ukilifeli, mwaka unaurudia wote.

Kabrasha la maelezo ya chuo lilisema tutachagua kitabu cha karatasi au cha dijitali, kwa hiyo kabla ya kujisajili nilikwenda mjini kati kukiona kitabu chenyewe kwa macho, kwenye duka la vitabu la mzee mmoja wa Kihindi ambalo nililijua tangu sekondari. Mtoto mgongoni. Enzi za sekondari duka lile lilikuwa vitabu hadi darini. Safari hii vitabu vilikuwa vimesogezwa nyuma kabisa, mbele kote kunaning'inia kava za simu, za rangi zote, nyingine zina masikio ya sungura.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Kava ya simu?"

"Kitabu. Cha Kodi."

"Kitabu!" Alivyosema utadhani nimeulizia farasi. Akaenda nyuma, akarudi na tofali. Toleo jipya, zito, karatasi nyeupe, inanukia. Nikalifungua nikaona raha ambayo mpaka leo sijaweza kumweleza mtu. Binti yangu naye aliona raha; alipitisha mkono juu ya bega langu, akadaka ukurasa na kuukunja kwenye ngumi. Mzee akaikunjua ngumi kidole kimoja kimoja, taratibu.

"Mwanasheria huyu," akasema. "Anafuta vifungu mapema."

"Nikinunua hiki kitanifikisha hadi mwisho wa masomo?"

"Kodi? Kila bajeti wanabadilisha, mama. Mwakani hiki cha kufungia karanga."

"Sasa ninunue au nisinunue?"

"Mimi ndiyo muuzaji," akasema, akinishangaa. "Unaniuliza mimi?"

Nikatoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Karatasi nilikuwa naitaka. Lakini nina chumba kimoja, kitanda, kabati la nguo, jiko la mafuta ya taa na mtoto aliye kwenye umri wa kuchana. Madesa ya kozi ya utangulizi, zile karatasi za kopi tulizopewa na mwalimu, alikwishazila mbili. Alizitafuna na kuzimeza, sikuwahi kuona mtu anapenda elimu namna ile. Kitabu cha kioo, kile cha kwenye tableti, hakiliki, nikajiambia. Na bajeti ikibadilika, kitabu cha kioo nacho kinabadilishwa. Sikuwa mjinga. Nilifikiri.

Dirisha la usajili lilikuwa na mama mmoja mrembo, mwenye feni yake binafsi. Akanipa fomu yenye viboksi viwili: karatasi, dijitali. Ukichagua karatasi unakwenda kujinunulia mwenyewe huko mjini. Ukichagua dijitali chuo kinakupa tableti yenye vitabu vyote ndani. Siku hizi mnaita vishikwambi. Sisi tuliita tableti, na tulizifunika kwa kitenge ili vibaka wadhani ni sinia.

"Dijitali ndiyo wakati, dada yangu," akasema. "Karatasi ni zama za ujima."

"Nikitaka kubadilisha baadaye?"

"Hakuna kubadilisha."

"Na kwenye mtihani inakuwaje?"

Nataka hili mlikumbuke: niliuliza. Nilisimama pale na mtoto mgongoni, nikauliza kwa Kiswahili fasaha.

"Mtihani unasoma, dada, halafu unajibu," akasema. "Swali gani hilo?" Akamgeukia mwenzake wakacheka kidogo, kicheko kile cha kumhurumia mtu wa kuja. Mimi niliyezaliwa Gerezani, mtaa wa jirani tu na hapo.

Nikatia alama kwenye dijitali. Kwa mkono wangu, kwa kalamu yao.

Sasa kwenye lile kabrasha la maelezo ya chuo waliandika faida zote za kitabu cha dijitali. Chepesi, cha kisasa, rafiki wa mazingira. Hawakuandika kwamba ndani ya nyumba ya Kiswahili kitabu cha dijitali hakikupi heshima hata chembe. Mtu akikukuta na kitabu cha karatasi anashusha sauti. "Mwacheni, anasoma." Hata muuza vitumbua wetu, mpangaji wa chumba cha pili, ambaye alikuwa hamwogopi mtu, alikuwa akipita kwa kunyata mbele ya kijana wa chumba cha mwisho aliyekuwa anajisomea daftari la ufundi umeme. Mimi nikitoa tableti yangu tu, tayari yuko mlangoni kwangu.

"Shosti, tuwekee ile video ya harusi."

"Nasoma."

"Unasoma na huku inawaka?"

Na mama mkwe neno lake alikuwa halisemi mbele yangu. Alilisema ukumbini, kwa sauti ya kunifikia, akimweleza mwanawe. "Mimi nalea mtoto, mwenzangu anacheza na simu. Na simu yenyewe amechukua kubwa, ili acheze vizuri."

"Anasoma, mama," mume wangu akasema.

"Nimemwona anaipangusa pangusa. Kusoma gani kwa kupangusa?"

Na mtoto, akisikia sauti yangu, analetwa. Kwa nini asiletwe? Mama yake si yupo, anapangusa simu. Nilikuwa nasoma kifungu kimoja mara nne.

Basi nikajifunza ujanja, na mnisamehe kwa sababu ulifanya kazi kuliko masomo yote ya mawasiliano tuliyofundishwa. Uvunguni kwa mama mkwe kulikuwa na kitabu cha orodha ya simu za mezani, lile dude kubwa la zamani, halina kazi tena. Nikaliomba. Jioni ambazo sina darasa nikawa naketi barazani, nikalifungua mapajani, tableti nikailaza katikati. Kimya kikashuka nyumba nzima. Muuza vitumbua akapita kwa kunyata. Mama mkwe akamfukuza mtoto mlangoni: "Toka, mama yako anasoma!" Akaniletea na chai. Nilisoma kodi ya mapato ndani ya orodha ya simu za watu ambao wengi wao walishakufa, na niliheshimiwa kama hakimu. Wiki hizo ndizo nilizosoma. Nilijua vifungu viko wapi, kurasa zipi nipanguse. Kama kuna mtu alikuwa tayari kwa mtihani ule, ni mimi.

Mkesha wa mtihani ndipo tulipoona tangazo ubaoni: somo la Kodi, mtihani wa kitabu wazi, hairuhusiwi kuingia na kopi kwa sababu kutoa kopi ya kitabu ni wizi. Kumbukeni madesa yao yote waliyotuuzia yalikuwa kopi za vitabu hivyo hivyo. Lakini sikuwa na ugomvi na hilo. Kwanza nilifurahi! Mimi sikuwa na kopi. Nilikuwa na kitabu halali kuliko vyote, kimetoka mkononi mwa chuo. Wasiwasi wangu ulikuwa chaji tu, maana ilikuwa miezi ya mgao, na umeme wenyewe unapokuwepo ni mita moja kwa nyumba nzima, ukichomeka kitu chochote wapangaji wanakuhesabia. Asubuhi nikaipeleka kwa kinyozi mwenye jenereta, nikakaa kwenye benchi la wateja hadi ijae, natazama vichwa vinanyolewa. Kinyozi akaniombea dua. Nikatoka pale chaji tele, nikapanda ngazi za chuo najiona mshindi.

Yaliyotokea mlangoni nimeshayasema.

Ndani nilikaa karibu na yule mwenye kitabu cha kamba ya katani. Alipokifungua niliona viwango kwenye jedwali lake, na kwa kuwa nilikuwa nimesoma kweli, nilivijua: vilikuwa vya bajeti za nyuma huko, vimefutwa siku nyingi. Kitabu kile kilikuwa kinakokotoa kodi ya Tanzania ambayo haipo tena. Lakini kilikuwa na kurasa. Msimamizi alipita, akakiangalia kwa upendo, akaendelea. Mimi niliyejua kwamba viwango vimebadilika, ila nisiyeweza kukumbuka namba zenyewe, niliandika kifungu, nikaeleza njia, na pale panapotakiwa namba nikaandika: "Jedwali liko mlangoni kwenye meza ya msimamizi." Swali la kwanza, la pili, la tatu. La nne nikaandika hivyo hivyo, nikapigia na mstari.

Jioni ile nikamweleza mama mkwe kila kitu, tena bila kupunguza. Alinisikiliza vizuri sana, hata akatukana kwa niaba yangu, tusi la kipwani lenye vina. Nikapata matumaini. Halafu akaendelea kumfunga mtoto nepi.

"Lakini mwaka ni mwaka, mkwe wangu. Sikukuambia mwaka isipokuwa ukizuiliwa mlangoni."

Mume wangu akanishauri ninyamaze. "Ukiwashitaki watakufelisha."

"Na nisipowashitaki?"

Akafikiria. "Watakufelisha pia," akakubali, akaenda kuosha bajaji.

Asubuhi nikarudi kwa mama wa dirishani na feni yake. Nikamwambia nataka kulalamika, nikauliza kama naweza kuandika kwenye tableti niwatumie.

"Malalamiko ni hadikopi tu, dada. Nakala tatu, zilizopigwa chapa. Kwa mtandao hatupokei."

Nilicheka. Nilicheka hadi akazima feni anisikie vizuri. Kisha nikashuka kwenye steshenari iliyo kando ya duka la mabeseni, nikamtajia mpiga chapa barua yangu neno kwa neno. Alifika mahali akaacha kuandika akaniuliza, "Dada, hapa tuweke au tupunguze?" Nikamwambia weka. Nikapanda tena, nikasimama dirishani mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na foleni nyuma yangu haikulalamika hata kidogo. Wengi wao walikuwa na tableti. Barua yenyewe ni hii.

*

Kwa Msajili.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUNYIMWA KITABU KWENYE MTIHANI WA KITABU WAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, masomo ya jioni. Wakati wa usajili ofisi yako ilinitaka nichague kitabu cha karatasi au cha dijitali. Nilichagua dijitali. Niliuliza itakuwaje kwenye mtihani, nikajibiwa kwamba mtihani unasoma halafu unajibu. Nimesoma. Nilipofika kujibu, kitabu nilichopewa na chuo kilizuiliwa mlangoni na chuo.

Sipingi kwamba tableti inaweza kubeba majibu na mawasiliano. Hilo mlilijua kabla hamjatugawia. Kama haziruhusiwi, fomu ilipaswa kusema hivyo pale penye kiboksi, nami ningenunua karatasi na kumzuia mwanangu asiile. Mlitupa hiari ya kuchagua mkatuficha kitu kimoja tulichohitaji kukijua ili tuchague.

Aidha, nakujulisha kwamba ndani ya chumba cha mtihani kiliruhusiwa kitabu chenye viwango vya kodi vilivyofutwa. Simtaji mwenye nacho, hana kosa. Nasema tu kwamba mlango wenu ulikagua karatasi, haukukagua kodi.

Naomba mtihani huu usihesabiwe kwa sisi wote tuliochagua dijitali, na tupangiwe mwingine, ama tukiwa na tableti zetu zimezimwa mtandao mbele ya msimamizi, ama chuo kituchapishie majedwali kwa karatasi kitugawie. Sitaki kupewa maksi za huruma. Nataka kupimwa nikiwa na kitabu, kama tangazo lenu lilivyosema.

Kuhusu maneno niliyomtamkia msimamizi, naomba radhi kwa ukubwa wa sauti. Maneno yenyewe nayaacha yalivyo.

Naomba nijibiwe kabla matokeo hayajabandikwa ubaoni, kwa sababu nyumbani kwangu matokeo hayakatiwi rufaa.

Mwanafunzi wako, aliye tayari kuurudia mtihani huo hata kesho asubuhi.